Uzi Mweusi

Fundi Mwinchande hakuanza na tindo.
Aligonga zege kwa kifundo cha kidole, akasikiliza,
akauliza, "Ghorofa hizi nne, mzigo wake unashukia wapi?"
Mimi mshonaji. Mzigo ninaoujua ni wa majora.

Akasimika jeki mbili, akachora kwa chaki:
dirisha la upana wa daftari
liwe la upana wa kabati.
"Ukuta ukiutoboa bila kuupa bega, utalitafuta lako."

Kisha grenda. Siku mbili Gerezani nzima ilitusikia.
Maji ya kijivu yakafika chini ya cherehani,
nondo zikatoka na kutu yao
na harufu ya sarafu za zamani.

Linta tukaimwagilia kama mchicha,
asubuhi na jioni,
wiki nzima.

Mbao zilipobanduliwa jua likashuka
pamoja na visigino, gurudumu la mkokoteni, maganda ya muwa,
likatua mezani juu ya rili ya uzi mweusi
ninaopindia sare za walinzi, mwaka wa tisa huu.

Si mweusi.
Ni bluu.

Walinzi wangapi wa jiji hili
wanakesha na siri yangu kwenye upindo?