Pini Sitini na Mbili

Kabla ya saa tatu usiku nimezihesabu:
pini sitini na mbili kwenye mto wa mahameli.
Lalla Rukaya huzijua moja moja,
kama mtu ajuavyo wadeni wake.

Ukumbi uko barabara ya Imuzeri, nje ya Fesi.
Chumba chetu kiko nyuma ya jiko.
Tunasikia masufuria, kisha fidla, kisha masufuria.

Ya kwanza ni nyeupe, ya maziwa na tende.
Ghizlani anatoka amenyooka kama alifu,
anarudi baada ya nusu saa amepinda kama wau,
na mikono yetu sita inamvua
pole pole, kama watu wanaomenya chungwa
waliloapa kutokata ganda lake.

Kijani. Halafu bluu, bluu ya mji huu.
Halafu ya Kisahara, ya kujitanda tu,
isiyo na kifungo hata kimoja,
na ndani yake nilimsikia akipumua.

Mama yake alichungulia mlangoni, pochi kifuani:
je, ya Kihindi hatuwezi kuiruka?
Hakuna aliyewahi kufika India katika ukoo huu.
Lalla hakugeuka. Alikuwa na pini tatu mdomoni.
"Zilitangazwa saba," alisema katikati ya pini.
"Ukivalisha sita, ya saba watavaa wao, mdomoni."

Basi kabla ya ya Kihindi
bibi harusi akakaa juu ya kreti la soda na shimizi lake,
miguu kwenye beseni la maji baridi.
Huko nje watu mia tatu wanakula kuku kwa zeituni, kuku wake;
mimi nikamlisha yai la kuchemsha
vipande vipande, rangi ya midomo isije ikaharibika.
"Hasna," aliniuliza, shavu limejaa,
"wewe ulivaa ngapi?"

Moja. Tena ya dada yangu,
na dada yangu ni mnene.
Mvua ilitukuta tukitoka kwa kadhi,
hatuna mwavuli, basi limeshaondoka,
na Drisi akavua koti lake la kazini,
lile la kwenye mashimo ya kutia ngozi rangi,
linalonuka chokaa na kinyesi cha njiwa,
akanifunga vifungo vyote mpaka kidevuni.

"Mbili," nikamjibu.

Wanasema nguo ya kuazima haisitiri.
Hizi zimesitiri wanawake thelathini tangu Mfunguo Mosi.
Ile ya sita, ya lulu, nzito kama mlango,
nilipoingiza mkono kulainisha kikwapa
nikatoa kokwa ya tende.
"Si yangu," Ghizlani akasema.
Najua. Ni ya Meknesi, Jumamosi iliyopita:
yule mrefu, aliyelia kwa nguo zote saba
na kila tulipomuuliza akasema ni wanja.
Tukaitazama kokwa. Sijui nani alianza kucheka.
Lalla akatukemea, lulu zikatikisika,
na wanaume wanne waliokuja kumbeba kwenye kiti
wakamkuta bibi harusi, mzima mzima,
anafuta machozi kwa kiganja cha hina.

Alfajiri ya Kizungu nayo imevuliwa.
Wameondoka, gari limevishwa riboni.
Nakunja. Nafunga zipu za mifuko.
Chini ya kreti kuna ganda la yai.

Sitini na moja.

Narudia tangu mwanzo, napapasa zulia, beseni, pindo la kijani.
Sitini na moja.
Iko naye, mahali fulani kwenye nywele zake;
ataikuta akilaza kichwa,
au mumewe ataikuta kwanza, kwa kidole.

Lalla anakuja na daftari.
Nachomoa moja kwenye kilemba changu,
naichoma kwenye mahameli kati ya wenzake.
Anahesabu kwa midomo, anafika mwisho,
ananitazama kichwani, kilemba kinavyolegea upande mmoja,
na anaandika: zimetimia.