Sanduku Lisilotoka Jasho

Waliliweka mezani saa tatu asubuhi, Al Khoud:
jeusi, dogo kuliko kopo la halwa,
na hati yake ya kurasa arubaini.
Ndani, wakasema, chembe ya mwanga
hukifikia kioo kinachopitisha nusu, kurudisha nusu.
Ikipita, moja. Ikirudi, sifuri.
Hakuna ajuaye kabla, hata aliyekiunda.

Kwa tarakimu hizi itapigwa kura ya viwanja.
Kaka yangu Muhanna yumo orodhani mwaka wa saba;
jina lake limegeuzwa nambari, na nambari haina mjomba.
Kazi yangu ni kuhakikisha
kwamba sanduku nalo halina mjomba.

Nikahesabu.
Sifuri na moja zikakaribiana, zisilingane. Vizuri:
zilizolingana sawasawa huwa zimepangwa.
Nikatafuta misururu, moja tisa, moja ishirini.
Mtu akitunga bahati huogopa kurudia;
bahati yenyewe haina haya.
Majaribio kumi na matano, likafaulu yote.
Bwana Ghassan wa kampuni akaagiza kahawa.

Lakini daftari la jana nalo hufaulu.
Mtu aweza kurusha sarafu mwaka mzima,
akaandika, akafungia humu,
akabaki na nakala kwake.
Mie naona bahati. Yeye anasoma.

Adhuhuri nikazima kiyoyozi.
Ghassan akalegeza kola. Khaula, mwanafunzi wangu,
akajipepea kwa ile hati.
Nyuzi thelathini na nane. Arubaini na mbili.
Jicho linalopokea mwanga, likipata joto,
huweweseka: huona chembe zisizokuja,
na moja huizidi sifuri
kwa unywele.
Sanduku letu kuukuu la rafu ya chini
liliweweseka hivyo kila kiangazi, na tukaliamini.

Hili, wapi!
Tarakimu safi kama shuka
ya kitanda kisicholaliwa.

“Unaona lilivyo imara?”
Naona.
“Huwa tunazichuja,” akasema.
Basi nipe mbichi, kabla ya chujio.
“Mbichi hazitoki. Siri ya kampuni.”

Muhuri nikaurudisha mtobwani.
Siwezi kuapa kuwa ni daftari;
naweza kuapa tu kwamba Juni, Maskati,
hata ukuta hutoka jasho.

Jioni Muhanna akapiga simu.
“Kura lini?”
Sijui, nikamjibu,
na tangu asubuhi
hilo ndilo neno pekee
lililotoka bila kuchujwa.