Likiwaka, Nalipa

Bwana Norayr anatoka Yerevan na tela, atafika saa sita.
Kwenye simu alisema maneno mawili, akakata:
likiwaka, nalipa.
Na Baba, kutoka Rostov, mashine ya zege ikinguruma nyuma yake:
Shoghik, liwashe, liuze, kuni hazijinunui.

Saa mbili asubuhi, Gyumri, baridi bandani inang'ata kucha.
Volga ya babu, ya mwaka sitini na nne.
Kulungu wa chuma bado anaruka juu ya boneti,
ingawa miaka sita gari halijaruka hata dimbwi.

Nafunga betri niliyoazima kwa Zaven mwoka mikate.
Nazungusha ufunguo. Stata inakohoa, injini inazunguka,
inazunguka, inazunguka,
kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.
Haishiki.

Babu Hmayak, sigara nyuma ya sikio, alikuwa na kanuni yake:
Uliza petroli kwanza. Kisha uliza cheche.
Ukiuliza vyote kwa mpigo, utajibiwa kelele.

Nauliza petroli.
Nasukuma kwa kidole kile kiwiko cha pampu, mara kumi, mara ishirini,
mpaka kikombe chake cha kioo kinajaa, rangi ya chai hafifu.
Kabureta imelowa, inanuka, macho yananiwasha.
Petroli haina kesi.

Nauliza cheche.
Nachomoa plagi, nailaza juu ya chuma.
Mtoto wa Zaven anazungusha hendeli, ulimi nje.
Giza.

Kifuniko cha distribyuta, klipu mbili, kimefunguka.
Pointi zimeota ukungu wa kijivu; nazisugua kwa msasa wa kucha zangu,
napima mwanya kwa kadi ya Bwana Norayr,
ile yenye jina la dhahabu. Unene wake ndio wenyewe.
Zungusha. Giza.
Kondensa mpya. Giza.
Naituhumu koili, naisingizia betri,
nakaribia kumsingizia marehemu.

Kinabaki kijiwaya kimoja, urefu wa kidole,
kimevaa gamba lake la kitambaa, nadhifu kama mwanakwaya.
Nakivuta kidogo.
Kinarefuka.

Waya haurefuki.
Ni gamba tu lililokuwa limeshikilia;
shaba ndani ilikatika zamani, siku ambayo hakuna aliyeiandika.

Natoa kipande kwenye redio mbovu, nakata, nasokota, nafunga.
Saa tano na robo.
Zungusha, nasema, na cheche inaruka, ya buluu, nene, yenye mlio,
mtoto anacheka kama amekamatwa akiiba.

Ikashika. Kwanza silinda mbili, kwa hasira,
halafu ya tatu, halafu zote,
moshi ukajaa banda na panya wakahama.

Dirisha la juu likafunguka. Bibi Arshaluys.
Hakuuliza ni nani.
"Mwambie asivute sana choki," alisema, akafunga,
nikasikia kinu cha kahawa kikisaga, vikombe viwili vikigongana.

Majira ya baridi yale, baada ya tetemeko,
watu watano walilala ndani ya gari hili.
Baba alikuwa na miaka kumi na mmoja, alilala sakafuni, penye miguu ya dereva.
Bibi aliniambia mara moja tu, akichambua dengu:
kila saa tuliiwasha dakika kumi, tusigande.
Kila saa iliwaka.

Nikazima.
Nikafungua tena zile klipu mbili,
nikachomoa rota, kitu kidogo kama kidole gumba,
nikakitia mfukoni mwa aproni, nikafunga kifuniko, nikafuta alama za vidole.

Tela lilifika saa sita kasoro.
Bwana Norayr akaketi, akazungusha ufunguo,
akazungusha, akasikiliza, akakunja uso.
"Inazunguka vizuri," alisema. "Ina nini?"

"Petroli ipo," nikamjibu.

Habari ya cheche hakuniuliza.
Mfukoni, rota ilikuwa bado na joto.