Kosa Namba Mia na Mbili

Saa nane usiku, Umoja, ghorofa ya nne.
Tokeni ya stima imebaki yuniti tatu na nukta,
na programu imenirudishia jibu lile lile la tangu magharibi:
agizo halisomeki.
Haisemi wapi. Haisemi kwa nini.
Kosa namba mia na mbili, basi,
kama karani anayefunga dirisha
ungali umenyoosha mkono na fomu.

Mkataba ni wa kina mama wa Marikiti,
wauza viazi na vitunguu, ishirini na mmoja,
waliochoshwa na waweka hazina wanaohamia Kitengela na kikapu.
Wakaniambia: tuwekee pesa mahali pasipo na mtu.
Nikawawekea mnyororoni.
Sasa hata mwenyewe hazifikii.

Nilishuku funguo, nikashuku mtandao,
nikashuku toleo jipya la maktaba,
nikashuku sukari kwenye chai.
Nikaamuru kila mstari ujieleze,
nayo mistari ikajieleza, yote haina hatia,
kama wanafunzi wa bweni lililoungua.

Mwishowe nikafungua daftari la Syombua,
la karatasi, lenye doa la nyanya,
nitafute tu mchango wa kujaribia.
Kalamu ya bluu, ukurasa baada ya ukurasa:
Syombua, mia tano.
Kerubo, mia tano.
Atsieno, mia mbili (amefiwa).

Nikainua macho kwenye skrini.
Ndani ya kazi yenyewe nimeandika jina, kisha kiasi.
Mlangoni nimetangaza kiasi, kisha jina.

Tunaziita hoja, hivi vitu inavyopewa programu mkononi,
na programu haiulizi hoja inaitwaje.
Inahesabu baiti zinavyoingia;
aliyetangulia katangulia.
Ikabeba urefu wa jina na herufi nne za mwanzo,
S, y, o, m,
ikazipima kama pesa:
trilioni milioni saba na ushei.
Jamani, Syombua, usiku kucha ulikuwa tajiri
na viatu vyako vina tope la Marikiti.
Kisha ikashika mabaki, b, u, a,
ikatafuta humo jina refu kama bahari,
ikakwama.

Jumapili nilimwambia Jelagat: kodi. Kisha: pole na msiba.
Maneno yote yalikuwepo.

Nimebadilisha nafasi za maneno mawili.
Majaribio kumi na manane, kijani tupu.
Saa kumi na nusu nampigia Syombua,
namsikia akipunguza bei huku simu iko sikioni,
gunia linatua, mtu anatukanwa kwa upole.
Namweleza, kwa furaha, kirefu kuliko inavyostahili.

Ananyamaza kidogo.
"Wewe uliweka pesa mbele?
Sasa pesa isiyo na jina
ungemrudishia nani?
Ngoja, kuna mteja."

Na yuniti zikaisha.