Machipuko Njia ya Londiani

Kati yetu watatu, Pijo ya marehemu baba peke yake
ndiyo iliyowahi kuiona Ufaransa,
nayo haisemi. Inakohoa tu hapa Salgaa,
nyuma ya malori ya Kongo yaliyolemewa,
na mama anayasalimu, lori baada ya lori,
kwa Kifaransa.

Miaka thelathini na mmoja aliifundisha lugha hiyo
kwa wasichana wa Nakuru.
Ubaoni majira manne, picha nne,
mti mmoja ukivaa na kuvua.
Mimi niliiacha kidato cha pili.
Hakunisemesha siku tatu.

Sasa maneno yanamtoka
kama sukari kwenye gunia lililotobolewa na panya.
Kimaragoli kilitangulia. Kiswahili kinafuata.
Jina langu huja asubuhi, likaondoka kabla ya chai.
Kifaransa kimebaki, kimekaa kitako
kama mgeni asiyejua kuwa wenyeji wamehama.

Mau Samiti, kizuizi.
Afisa anainama dirishani: leseni, bima.
Mama anamwambia jambo refu, lote la puani.
Afisa anacheka, anakuna shingo,
anachimbua alichokizika shuleni:
“Ze mapel Chelangat.”
“Non,” asema mama. Amrudishe ulimi. Tena.
Mara ya tatu ndipo anaridhika.
Malori yamepanga foleni hadi kwenye kona,
na bima, iliyokwisha Januari,
hakuna aliyeikumbuka.

Londiani, ukungu.
Usiku mvua ya kwanza ya Machi imepita;
udongo uko wazi, mweusi, unafuka,
na wanawake wanadondosha mahindi shimoni,
mbili, mbili, wakifukia kwa kisigino.
Mama anagonga kioo. “Prantan!”
Hilo nalijua. Picha ya kwanza, kushoto.
Nataka kusema, hapana mama,
hii ni masika, sisi hatuna majira hayo,
miti yetu haivui nguo.
Lakini pale ukingoni pana kisiki cha mkaratusi,
kimekatwa juzi kwa msumeno,
na pembeni mwake vichipukizi vyekundu,
vingi, kama vidole vya mtoto.
Nikanyamaza. Nikabadili gia.

Sikumwambia tunakokwenda.
Kageha ametandika kitanda Nyamasaria,
ameondoa kitasa cha ndani,
amenunua shuka za mpira.
“Zamu yangu,” alisema kwenye simu, kwa upole,
na upole ule umenikaa kooni tangu Jumanne.

Ahero, joto. Nikateremsha vioo.
Mpunga, na yangeyange juu ya mpunga,
weupe wa chaki.
Mama ameamka. Ananitazama muda mrefu,
kisha anauliza kitu. Najua ni swali:
mwishoni sauti imepanda, na anangoja,
kama alivyongoja darasani,
bila haraka, mikono pajani.

“Wii,” nasema. “Wii, mama.”

Anaitikia kwa kichwa, anageukia dirisha.
Sijui nimekubali nini.