Alama ya Sikio

Mwaka wa pili, Jumanne, saa nane mchana.
Upepo wa Dodoma unasukuma vumbi chini ya mlango
na Yunisi amelaza taulo lililolowa kizingitini
kama mtu anayezuia mbuzi.
Mapazia meusi tumeshona wenyewe. Mshono haukunyooka.

Protini ya leo imetoka kwenye damu ya ng'ombe:
unga mweupe, gramu moja, bei yake sisemi.
Nasema tu, ikiyeyuka haionekani.
Tutaitia rangi, kisha tutaiuliza ilipo.

Ndahani wa Bahi akacheka kwa pua.
"Mwalimu, hiyo ni alama ya sikio.
Kwetu kila ukoo una mkato wake.
Ng'ombe akapotelee hata Manyoni, sikio litasema."

Nikaweka chaki chini. Mfano wangu ulikuwa wa makoti.

Basi tukatia alama. Saa nzima, chupa ndani ya foili,
kisha safu ya jeli, tone kwa tone:
manjano ya kwanza ni protini iliyovaa,
manjano ya nyuma ni rangi iliyokosa mtu.

Kwa kundi la Chilongani ya kwanza hayakuja.
Yote yalichelewa, yakatoka pamoja, mengi, mazuri, bure.
Nikageuza chupa ya bafa, nikasoma: Trisi.
"Hii ina amini. Rangi hushika kilicho karibu.
Mmekata masikio ya nyasi,
ng'ombe wamepita."

Hawakucheka. Nikawaambia
mimi nilikata nyasi wiki tatu nzima
na msimamizi wangu hajui mpaka leo.
Wakaandika kosa kwa wino. Penseli siruhusu.

Taa ya mashine ikapata moto. Tukaipa buluu,
ikarudisha kijani, pungufu kidogo,
kama chenji ya sokoni Majengo:
hamsini imebaki kwa mwenye duka, na huulizi.
Mlima ukapanda kwenye skrini, kilele mia tano na ishirini.
Mersi akaugusa, akaacha jasho la kidole juu yake.

Umeme ukakatika.

Wote wakageukia kijichupa, wakingoja king'ae gizani.
Hakikung'aa.
"Si kimulimuli," nikasema. "Haina akiba.
Hutoa inapopewa, ukiacha nayo imeacha."

Ndahani akawasha tochi ya simu, akaileta ubavuni.
Kijani.
Akazima.
Akawasha.
Akazima.

Nje jenereta ikakohoa, ikashika,
ya jengo la jirani, si yetu.
Akawasha.