Mirathi ya Aliye Hai

Maskat, Ramadhani, mwaka wa nne wa vita.
Mawe ya nyumba hayajapoa tangu jana,
na mimi, Darwesh bin Shambe, karani wa siri,
nimeweka kitambaa chini ya kiwiko
jasho lisifute India.

Kazi yangu ni nambari.
Waya unatoka Jask, chini ya bahari,
unatema tarakimu tano tano, kama punje za tasbihi iliyokatika,
nami nafungua kitabu chenye kufuli,
naziokota, nazitunga upya:
51807 ni Tanga.
33092 ni reli.
20416 ni "isirudishwe kwa adui kwa hali yoyote",
sentensi nzima, imeshapikwa, yangoja kupakuliwa tu.

Usiku ule London iliuliza, Simla ikajibu,
nasi wa katikati tukaombwa rai.
Mmoja ataka nchi ile iwe daraja, toka Rasi hadi Misri.
Mwingine aogopa nyambizi: bandari zile zikirudi kwa Mjerumani,
njia ya India itakuwa koo lililokabwa.
Wa tatu asema wapewe Wahindi,
ndio ujira wa vijana wao waliozikwa Kut.
Hesabu nzuri. Kila upande una hoja yake.
Nikasoma tena, nikiutafuta upande wa nne.

Mama yangu alizaliwa Pangani.
Sasa yuko Matrah, chumba cha juu, nyuma ya wauza chumvi,
na kila nikirudi usiku wa manane swali ni lile lile:
"Mwanakheri hajambo?"
Ni dada yake. Ana minazi sita, ana kisima,
na mwana aliyechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi
asijue ni jeshi la nani.
Namjibu: hajambo.
Kitabuni Mwanakheri hana nambari.

Meja Hadok aliandika jibu letu kwa kalamu ya risasi.
Nikahesabu maneno sitini na mawili.
"Waya umejaa," akasema. "Yasizidi hamsini.
Punguza mwenyewe, kazi waijua."
Akapanda darini kutafuta upepo ambao haukuwapo.

Pale mwisho, kama mtu aliyekumbuka mlango akiwa njiani,
alikuwa ameandika:
"iwapo wenyeji wataulizwa nao wakaridhia".

Baba alikuwa na fungu la maji kule Izki.
Falaji ile hugawanywa mchana kweupe,
kijiti kimesimama, kivuli chatembea,
kila nusu saa jina lake athari,
na dalali hafumbui mdomo mpaka wote wawepo,
mjane, yatima,
hata mwenye mtende mmoja, nao umekauka.
Agawaye gizani, husema, ajigawia.

Najua kukata. Nilikata "kwa heshima".
Nikakata "kwa maoni yetu".
Nikakata "hakika", nikakata "vilevile".
Hamsini na matano.
Nikatazama dirishani. Kwenye jabali la bandari
mabaharia wameandika kwa rangi nyeupe majina ya manowari zao,
herufi moja yampita mtu kimo.
Jabali halikuulizwa.

Yalibaki maneno matano ya kuondoa,
na sentensi ile ilikuwa na maneno matano.

Sikuamriwa lipi. Hilo ndilo nitakaloulizwa.

Yakageuka nambari, safi, hayana harufu,
yakazama baharini kabla sijafunika wino.

Mama alikuwa macho, daku kalifunika kwa kawa.
"Mwanakheri hajambo?"
Nilitaka kumwambia: mama, wanagawa mirathi
na maiti bado anapumua,
yuko kisimani, anachota maji, anamgombeza kuku.
Nikasema: hajambo.
Akasema: "Leo umechelewa kunijibu."
Akanimiminia maji. Nikanywa upesi,
maana msikitini mtu alishaanza kukohoa,
akiisafisha sauti.